Mama Akisema Anaumwa, Msadiki



Kila mwaka, mwezi wa Novemba ufikapo na Kanisa likatuita kuwaombea marehemu wetu, mimi nami huandika majina yangu kwenye karatasi na kuyapeleka kanisani kama mfanyavyo ninyi. Naandika baba, mama, kaka yangu mkubwa na marehemu mume wangu. Halafu mwishoni naandika neno moja tu: Mayu. Kwa Kisukuma ndiyo kusema mama. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini si haki yangu kulitangaza. Leo nataka niwaeleze kwa nini namwombea mwanamke ambaye si ndugu yangu, wala hatukukaa pamoja zaidi ya usiku mmoja.

Mimi ni mkunga. Nimekwisha kustaafu, na miguu hainitii tena, lakini mikono hii imepokea watoto wengi wa huku kwetu kandokando ya ziwa. Wengine sasa ni mapadre, wengine wavuvi, na wengine ni mabibi kama mimi. Watu wakikutana nami sokoni husema, "Huyu ndiye aliyetuzalisha." Nami hufurahi, kwani nani asiyependa sifa? Ila kila nisifiwapo namkumbuka Mayu, na sifa ile huningia kooni kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa mwaka 1984, mwezi wa Machi, mvua zikinyesha. Nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa maana si kuta zake zilizokosa. Mayu aliletwa kwa baiskeli kutoka kijijini, mumewe akisukuma na wifi yake akimshika asianguke. Hakuwa na viatu, na matope yalimfika magotini. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uso wake ulikuwa umevimba. Alisema kwa Kisukuma kwamba kichwa kinampasuka, na kwamba mbele ya macho yake anaona kama vimulimuli.

Msomaji, mimi ni Msukuma, mzaliwa wa Usukuma. Maneno yale niliyasikia vizuri, hata moja halikunipita. Lakini nilikuwa kijana, nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi, na nilikuwa nimejifunza kuona aibu kwa watu wa kwetu. Basi nilimjibu kwa Kiswahili: "Subiri hapo kwenye benchi, mama. Uchungu wenyewe ndiyo kwanza unaanza."

Mbona nilimwambia asubiri? Kwa sababu saa ile ile alikuwa ameletwa kwa gari mke wa bwana mmoja mkubwa wa mjini. Huyo naye alikuwa na uchungu, uchungu wa kawaida, hana shida yo yote. Nilikuwa namtandikia shuka safi na kumtilia chai. Kipimo cha presha kilikuwa mezani, hatua kumi hivi kutoka pale alipokaa Mayu. Sikukichukua.

Yapata saa nzima ikapita. Nikasikia kishindo, nikatoka mbio. Mayu alikuwa ameanguka chini, mwili wake ukikakamaa na kutetemeka. Kilikuwa kifafa cha mimba. Tulimwita daktari, tukampa dawa tulizokuwa nazo siku zile, akafanyiwa operesheni. Mtoto alitoka hai, wa kike. Kabla ya mapambazuko Mayu aliaga dunia. Mumewe alikuwa nje, amekaa chini ya mwembe karibu na baiskeli yake, akingoja kuitwa.

Hayo ndiyo makosa yangu. Niliyaungama kwa padre zamani, na kwa huruma ya Mungu nilisamehewa. Leo siyaelezi ili mnionee huruma. Nayaeleza kwa sababu baadaye nilikuja kutambua kwamba kosa langu lina historia ndefu, na ndugu zake wako dunia nzima.

Acheni niwarudishe nyuma kidogo, hadi kwa mama yangu mzazi.

Mimi nilizaliwa mwaka 1956, wakati wa Mwingereza. Mama alikuwa akinisimulia jinsi alivyofika hospitali ya mji fulani na uchungu umemzidi, akalazwa sakafuni juu ya mkeka, kwani vitanda vya wanawake wa Kiafrika vilikuwa vimejaa, na kwenye vingine walilala wawili wawili. Ng'ambo ya ua palikuwa na nyumba nyingine yenye wavu wa mbu madirishani. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Alipopitishwa aliona vitanda vyake, na siku ile vilikuwa vitupu. Hakuna aliyefikiri kumlaza kule. Tena mama alikuwa akiongeza, "Hata mimi mwenyewe sikufikiri." Nesi aliyemhudumia alikuwa Mzungu, naye alikuwa mtu mwema, alimshika mkono mpaka mtoto akatoka. Lakini mtu mwema yule naye alimwacha sakafuni, maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Desturi mbaya ina hila hiyo: watu wema huitimiza bila kusikia uchungu moyoni.

Haikuwa hospitali moja tu. Katika Tanganyika ya ukoloni huduma ya wagonjwa iligawanywa kwa rangi: Mzungu mahali pake, Mhindi mahali pake, Mwafrika mahali pake. Dar es Salaam, Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road mwaka 1897, ufukweni penye upepo mzuri, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi mwenye jina hilo. Mwingereza alipokuja aliuendeleza mtindo ule ule. Kule Nairobi, mwaka 1926, mke wa gavana Grigg alianzisha chama cha kusaidia wazazi na watoto. Ilikuwa kazi njema, lakini nayo ilifuata rangi: Waafrika walijengewa nyumba yao ya kuzalia Pumwani, na Wahindi wakawa na yao. Hospitali ya Pumwani ingali ipo, na maelfu ya watoto wa Nairobi huzaliwa pale kila mwaka.

Na sisi Wakatoliki tusijisifu upesi. Kwa miaka mingi sheria za Kanisa ziliwakataza masista kuzalisha. Ilidhaniwa kwamba kazi ile haipatani na nadhiri zao. Kwa hiyo sista aliweza kumfunga mtu kidonda au kumpa dawa ya malaria, lakini mama mwenye uchungu akija, ilimbidi kumwachia mwingine. Na huku Afrika, mara nyingi mwingine huyo hakuwapo. Wako wanawake wamisionari, waganga kwa elimu yao, waliolipeleka jambo hili Roma bila kuchoka. Hatimaye, tarehe 11 Februari 1936, siku ya Bikira Maria wa Lurdi, idara ya Roma inayosimamia misheni ilitoa agizo jipya: masista waruhusiwe, tena wahimizwe, kujifunza uganga na ukunga. Matunda ya agizo lile tumeyala hapa Usukuma. Ni watu wangapi wa Sumve, wa Sengerema, wa Bukumbi, waliopokewa duniani na mikono ya masista! Na mwaka 1971 ikafunguliwa Bugando, juu ya kilima cha Mwanza, iliyojengwa na Kanisa kwa msaada wa Wakatoliki wa Ujerumani, mahali ambapo mtoto wa mvuvi na mtoto wa waziri hupanda ngazi zile zile.

Basi tuliona mambo yakibadilika. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru, na ubaguzi wa rangi hospitalini ukapigwa marufuku. Mama yangu alicheka aliposikia kwamba nyumba ile yenye wavu sasa inalaza watu wote. Alisema, "Sasa atakayezaa baada yangu hatalala chini." Nami nilipokwenda kusomea ukunga nilijiambia kwamba mambo ya rangi yamekwisha, ni hadithi za wazee.

Je, yamekwisha? Tutazame kwanza mbali, halafu turudi nyumbani.

Marekani ni nchi tajiri, hakuna mashine ya hospitali wasiyokuwa nayo. Hata hivyo, kwa hesabu ya serikali yao ya mwaka 2023, katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai na akina mama weupe, akina mama 14 hadi 15 walikufa kwa sababu ya uzazi. Kwa akina mama weusi walikufa 50. Ni zaidi ya mara tatu. Uingereza nako, katika miaka ya 2020 hadi 2022, akina mama weusi walikufa karibu mara tatu kuliko weupe.

Mtu atasema, "Labda ni umaskini." Umaskini umo, ndiyo, na bima, na mtaa anaokaa mtu, na presha isiyotibiwa mapema. Lakini wataalamu wa Marekani walipochunguza vifo vya miaka ya 2007 hadi 2016, walikuta kwamba mwanamke mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwanamke mweupe ambaye hata shule ya sekondari hakuimaliza. Basi si umaskini peke yake. Wala si damu au mifupa. Mungu hakuumba uzazi wa namna mbili. Liko jambo jingine kati ya mgonjwa na wale wanaomhudumia.

Chukueni mfano wa Serena Williams, mcheza tenisi ambaye dunia nzima inamjua. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kike kwa operesheni. Siku ya pili akashindwa kuvuta pumzi. Yeye aliwahi kupata ugonjwa wa damu kuganda mapafuni miaka ya nyuma, akazijua dalili. Alimweleza nesi kipimo anachohitaji na dawa anayohitaji. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba nesi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Kwanza wakampima miguu, wasione kitu. Aliposhikilia neno lake wakampima mapafu, wakakuta damu imeganda, kama alivyosema. Alipona. Lakini fikirini: huyu ni tajiri, ni mashuhuri, ana daktari wake, na bado ilimpasa kubishana akiwa kitandani. Yule asiye na jina itakuwaje?

Niliposoma habari ile nilifunga gazeti. Niliona benchi letu, na miguu yenye matope, na nikasikia sauti yangu: "Subiri hapo, mama."

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Usiku ule wa 1984 hapakuwa na Mzungu wala Mhindi. Mayu alikuwa mweusi, mke wa bwana mkubwa alikuwa mweusi, na mimi nilikuwa mweusi. Sheria ya ukoloni ilikuwa imekufa zamani. Lakini nilikuwa nimeirithi desturi, nikaibadilisha ngozi tu. Badala ya rangi niliangalia viatu. Badala ya kabila niliangalia gari. Binti wa mwanamke aliyelazwa mkekani naye alimkalisha mwenzake kwenye benchi.

Nasi mpaka leo tunazo ngozi zetu. Anayetoka visiwani huonekana mshamba. Asiyejua Kiswahili vizuri huonekana mjinga. Msichana aliyepata mimba nyumbani kwa wazazi huambiwa maneno makali chumba cha leba, wakati hata kupumua kunamshinda. Mama wa mtoto wa nane hudhaniwa amezoea, kwa hiyo haangaliwi, na kumbe huyo ndiye aliye karibu zaidi na hatari ya kutokwa damu. Mama mwenye ualbino hutazamwa kama ajabu badala ya kutazamwa kama mzazi. Kila mmoja wao akisema, "Naumwa," neno lake hupimwa kwanza kwenye mizani ya hadhi yake. Likionekana jepesi, husukumwa kando.

Nisije nikawakatisha tamaa, maana yako mambo ya kumshukuru Mungu. Hesabu ya taifa iliyotolewa kwa miaka ya 2015 na 2016 ilionyesha kwamba Tanzania ilipoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha 104. Na wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Hiyo ni kazi kubwa ya waganga, wauguzi, serikali, makanisa na wazazi wenyewe. Lakini 104 maana yake ni kama mama mmoja katika kila wazazi elfu moja. Parokia kubwa hubatiza watoto elfu moja kwa miaka michache tu. Mmoja wao anakua bila mama. Naye mama yule alikuwa na jina.

Sisi wakunga tulifundishwa kwamba kuchelewa kunakoua ni kwa namna tatu. Zisikilizeni, kwa kuwa mbili za kwanza ziko mikononi mwenu.

Kuchelewa kwa kwanza ni nyumbani, katika kuamua. Mama anatokwa damu, na mama mkwe anasema, "Ngoja kwanza mume arudi." Mume yuko kambi ya wavuvi kisiwani, au amekwenda mnadani. Au wazee wanasema mwanamke aungame kwanza kama ametoka nje ya ndoa, ndiyo maana mtoto hatoki. Ndugu zangu, huo ni ukatili, na kwa Mkristo ni dhambi. Njia iliyozuiwa huitaji daktari. Ninyi waume, kabla ya kuondoka semeni wazi mbele ya mama yenu na wake zenu: "Likitokea jambo, msiningoje."

Kuchelewa kwa pili ni njiani. Wa Sengerema wanajua. Miaka mingi akina mama waliokuwa wakiletwa Bugando walisimama Busisi wakingoja pantoni, na uchungu haungoji pantoni. Tangu Juni 2025 lipo daraja la Kigongo na Busisi, urefu wake kama kilometa tatu, na gari hupita juu ya maji kwa dakika chache. Tumshukuru Mungu. Lakini Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine bado ni maji na upepo. Kwa hiyo mama wa kisiwani aliyeambiwa kliniki kwamba ana hatari asingojee uchungu. Avuke mapema, akae karibu na hospitali kwa ndugu. Jueni pia namba 115, ambayo hupigwa bila malipo. Ni ya mpango uitwao m-mama, ambao ulianza kwa majaribio huku huku kanda ya ziwa, na tangu 2022 ukapelekwa nchi nzima. Mwenye hatari ya uzazi hutafutiwa gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa kawaida aliyeandikishwa, naye hulipwa na mpango wenyewe. Iandikeni namba hiyo ukutani kwa mkaa, kila mtu wa nyumbani aione.

Kuchelewa kwa tatu ni ndani ya hospitali yenyewe. Hicho ndicho kilichomuua Mayu. Alikuwa ameamua, alikuwa amesafiri, alikuwa amefika. Alikufa akiwa hatua kumi kutoka kwenye kipimo.

Kwa hiyo natamani kuwaambia wauguzi vijana neno moja. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, juu ya kutokwa damu baada ya kuzaa. Katika hospitali zilizojaribu njia mpya, kila mzazi alitandikiwa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kuonyesha damu imefika wapi. Zamani tulikuwa tukikisia kwa macho, na macho hudanganya. Mstari ulipofikiwa, tiba zote zilitolewa pamoja mara moja: kusugua tumbo, dawa za kukaza mfuko wa uzazi na kuzuia damu, maji ya mshipani, na kutazama damu inatoka wapi. Hatari kubwa ya damu ilipungua kwa asilimia 60. Mimi napenda sana kitu kile. Si mashine ya fedha nyingi. Kipimo hakiulizi mama huyu amekuja kwa gari au kwa baiskeli; kinampima kila mtu sawa. Laiti na sisi tungekuwa hivyo! Hata kwa kifafa cha mimba, tangu utafiti mkubwa wa mwaka 1995 inajulikana kwamba sindano ya magnesiamu ndiyo bora. Lakini sindano haifanyi kazi kabatini, na kabati halifunguliwi mpaka mtu amsikilize mgonjwa.

Nanyi akina mama, zijueni dalili za hatari kama mnavyojua Baba Yetu. Kichwa kuuma sana. Macho kuona giza au vimulimuli. Uso na mikono kuvimba. Damu kutoka kabla ya kuzaa, au nyingi baada ya kuzaa. Homa kali. Degedege. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Pumzi kukatika. Ukiona hata moja, nenda. Ukifika, sema. Ukiambiwa usubiri, sema tena, kwa adabu, lakini sema: "Nesi, nina mimba, kichwa kinaniuma na macho hayaoni vizuri. Naomba unipime presha." Hiyo si jeuri. Ni haki yako na ya mtoto wako. Kama Kiswahili kinakupiga chenga, nenda na mtu wa kukusemea.

Baba wa nyumba, usibaki chini ya mwembe. Mume wa Mayu hakuingia ndani kwa sababu alidhani hospitali si mahali pa mtu kama yeye kusema neno. Ingia, salimia, uliza. Weka akiba ya safari tangu mwezi wa sita wa mimba, na tafuta mapema ndugu wawili wenye damu ya kutoa. Na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, mnapokutana kusali nyumba kwa nyumba, ulizeni: katika nyumba hizi ni nani mja mzito, na nani atamsindikiza? Bikira Maria alipopata habari ya Elizabeti hakutuma salamu tu. Alifunga safari ya milimani, akakaa naye kama miezi mitatu.

Nimalize na jambo la mwisho.

Miezi mitatu baada ya usiku ule nilikwenda kijijini kwa mama yake Mayu. Sikujua nitasema nini. Nilimkuta uani, amempakata mjukuu, anamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Alinipa kigoda, akanipa na maji ya kunywa. Safari hii nilisema naye Kisukuma.

Akaniuliza, "Mwanangu alipofika kwako, alisema nini?"

Nikasema, "Alisema kichwa kinamuuma."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asubiri."

Alinyamaza muda mrefu. Kuku walikuwa wakidonoa karibu na miguu yetu. Nilingoja anifukuze, au apige yowe watu waje. Hakufanya hivyo. Alifuta midomo ya mtoto kwa pindo la kanga yake, akasema polepole, "Basi. Usimwambie mwingine."

Nilifanya kazi ya ukunga miaka mingine mingi baada ya siku ile. Sikuwa mkunga bora kuliko wote, na nilikosa mara nyingi kwa mambo mengine. Lakini kila mama aliyefika usiku, awe na viatu au asiwe navyo, nilimsalimu kwa lugha yake kama naijua, na mkono wangu ulikwenda kwanza kwenye kipimo. Na aliposema anaumwa, nilimsadiki.

Yule mtoto alikua. Ana watoto wake watatu. Wa kwanza nilimpokea mimi, na mama mtu alikuwa amelala kitandani.

Wasomaji wapenzi, niombeeni. Mwombeeni na Mayu, apumzike kwa amani.